Simba Asiye na Kichwa

"Chakula ndicho hiki tu?" Norris Tranter aliuliza, akaisukuma sahani mbele.

Glenys aliitazama ile sahani. Upande mmoja ulikuwa umekombwa mpaka mchuzi. Upande wa pili viazi vilikuwa palepale alipovipakua, karoti pembeni yake, na soseji nzima ambayo uma haujaigusa. Alimtazama mumewe asijue kama anataniwa au anatukanwa. Katika miaka yote ya ndoa yao Norris alikuwa amemnunia, amemfokea, na siku moja alirusha kopo la rangi nje ya dirisha likatua kwenye mawaridi, lakini chakula chake hakuwahi kukidharau.

"Na hivyo viazi je?"

"Viazi gani?" Norris alijibu huku akiangalia jiko, kana kwamba jiko ndilo lililomuuliza. "Kama vimeisha sema vimeisha, Glen. Hatuna haja ya kuzungushana."

Glenys alikichukua kile chakula kwa hasira, akakitia kwenye mikrowevu, akakirudisha na kukibwaga mezani bila kuangalia amekiweka vipi. Norris akashukuru, akashika uma, akavila viazi vyote pamoja na karoti na ile soseji. "Kumbe vilikuwepo," akasema kuelekea jiko. "Ulikuwa umevificha wapi?"

Glenys alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, kushoto kwa mumewe, karibu na mlango wa bustani, akatafuta kosa alilolifanya. Mambo haya yalianza baada ya asubuhi ile Norris aliposema kichwa kinamgonga, akalala mpaka chai ya jioni. Alipoamka alikuwa mzima, anatembea, anaongea, lakini tangu hapo hakumtazama mkewe usoni. Akiulizwa neno hulijibu, ila hulijibia jiko, au friji, au ukuta wa upande ule. Alipita karibu naye kwenye korido kama anayepita karibu na koti lililotundikwa. Iliumiza, hasa kwa sababu hakuna neno baya lililosemwa ambalo mtu angeweza kuliombea radhi.

*

Chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama kanisa, kilikuwa karakana yao. Humo waliwapaka rangi mashujaa wa deraya, wale askari wa farasi wa enzi za wafalme, sanamu ndogo waliotengenezwa kwa madini ya risasi na kufika wakiwa wa kijivu ndani ya maboksi, kila mmoja urefu wa kidole. Kazi ilikuwa imegawanywa tangu zamani. Farasi walikuwa wa Glenys: weusi, wa kahawia, wa majivu, hadi jasho la shingoni alijua kulipaka. Nembo zilikuwa za Norris. Tai, simba, misalaba, chevroni zenye umbo la V, kila ukoo na alama yake na kila alama na sheria yake, na hakuna brashi ya mtu mwingine iliyoruhusiwa kugusa ngao.

"Farasi wako amekauka," Glenys alisema siku ya Alhamisi, akaweka mezani farasi mweusi mwenye kwato nyeupe. Farasi huyo alikuwa wa Sir Aymer, shujaa atakayeshindanishwa Jumamosi kwenye maonyesho ya wachoraji wa sanamu ndogo. Norris alikuwa ameshinda huko mara nyingi kiasi kwamba wenzake walizoea kugombania nafasi ya pili.

Norris alikuwa ameinama chini ya lenzi. Ngao huchorwa peke yake kwanza, imegandishwa kwenye kijiti cha aiskrimu kwa tone la gundi, ndipo ibandikwe mkononi mwa askari. Alikuwa anaibandua sasa, mkono wake ukiwa imara, hautetemeki hata chembe. Glenys akainama kuitazama, kisha akainama zaidi.

Uwanja wa ngao ulikuwa wa dhahabu, na juu yake simba mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Mkia wake ulikuwa umepinda vizuri, na kishungi cha mwisho kimechorwa unywele kwa unywele. Miguu ya nyuma ilikuwa na kucha za buluu. Mgongo ulipanda vizuri ukafika katikati ya ngao, na hapo simba akaisha. Aliisha kwa mstari wima, kama aliyekatwa kwa kisu cha siagi. Simba wa ngao huangalia kushoto kwa mtazamaji, na huko kushoto, mahali pa kifua na makucha na kichwa, palikuwa na rangi nyeupe ya msingi tu ambayo Glenys mwenyewe aliipuliza wiki iliyopita.

"Norris, kichwa cha huyu simba kiko wapi?"

"Kipo mahali pa kichwa."

"Mimi sikioni."

"Basi vaa miwani."

Miwani alikuwa ameivaa. Aliivua, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena. "Umemchora nusu makusudi?"

"Nusu ya nini?" Norris alicheka kidogo, akiliambia kabati la rangi. "Unaniuliza maswali ya ajabu siku hizi, Glen. Simba huyu ni mmoja kati ya simba wazuri niliowahi kuchora. Lete gundi."

Alileta gundi. Mtu asiyemjua angeshangaa kwa nini hakubisha, lakini Glenys alikwisha kubisha zamani akaona matokeo yake. Aliwahi kumwambia mumewe kwamba simba wa upande wa kulia wa nguo ya farasi wamegeuzwa, wanaangalia kusikopasa. Norris akamweleza kwamba kwenye nguo ya farasi simba lazima aangalie anakokwenda farasi, pande zote mbili, la sivyo shujaa ataonekana anakimbia vita. Halafu akakisimulia kisa hicho chamani, kwa wachoraji wenzake, nao wakakicheka mwaka mzima. Kila alipopeleka biskuti, mtu alimuuliza biskuti hizi zinaangalia wapi.

Kwa hiyo alinyamaza na kujitafutia maelezo. Alijua kuna ngao zinazopasuliwa katikati, nembo ya mume nusu moja na ya mke nusu ya pili, kuonyesha wameoana. Alijua pia kwamba nyeupe kwa watu hawa si nyeupe bali ni fedha. Huenda Sir Aymer alikuwa na jambo lake la nusu dhahabu nusu fedha. Huenda simba asiye na kichwa alikuwa na maana yake, na maana hiyo imeandikwa katika moja ya vile vitabu vinene ambavyo hakuwahi kuvifungua. Ila moyo wake haukukubali, na alipomtazama Norris akimkabidhi askari ngao ile kwa upole wote, alijiona kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta ngazi imehamishwa.

*

"Baba yako amenisusa," alimwambia binti yao kwenye simu.

Bethan aliishi Telford, alikuwa na watoto watatu na muda mchache. "Amekususa vipi, mama? Haongei?"

"Anaongea. Anaongea na friji."

"Mama."

"Nakuambia kweli. Namuuliza swali nikiwa hapa, anajibu kule. Hata uso wangu hataki kuuona."

Bethan alicheka, halafu akaona mama yake hacheki. "Ulimwambia nini kuhusu kile kidirisha alichokikata kwenye banda?"

"Sikumwambia kitu."

"Basi ndiyo hiyo. Ulipaswa kumsifu. Kamsifu, mama, mwambie huyo askari wake ni mzuri, mtakuwa marafiki kufikia Jumapili. Unamjua baba, ni mtoto mkubwa."

Glenys hakumtajia simba. Hakumtajia viazi, wala ndevu ambazo Norris alikuwa amezinyoa shavu moja na kuziacha jingine, kwa sababu yakisemwa kwa sauti mambo hayo yangemfanya mume wake kuwa kichekesho, na kichekesho hicho aliona ni chake yeye tu kukivumilia. Alisema asante, akakata simu, akaenda kumsifu. Norris alipokea sifa zile kwa furaha huku akilitabasamia pazia.

*

Jumamosi walipakia boksi la askari kwenye gari wakaondoka. Barabara za kule mpakani mwa Wales ni nyembamba, zimebanwa na kuta za mawe na vichaka, na Norris aliziendesha kama alivyoziendesha siku zote. Glenys alikaa kushoto kwake. Alijaribu habari za hali ya hewa, akajaribu habari za mashindano ya mwaka jana, akaambulia "mmh" iliyoelekezwa kwenye dirisha la dereva. Vichaka vilianza kuparuza mlango wake.

"Umesogea sana huku, Norris."

"Niko katikati."

"Hauko katikati, unaniingiza kwenye ukuta."

Ukaja mlio wa kioo cha pembeni kupiga jiwe. Kilining'inia kwa waya wake, kikawa kinagonga mlango. Glenys alikuwa ameshikilia mkanda kwa mikono yote miwili.

"Nini hicho?" Norris akauliza, akaangalia kulia. "Umeangusha kitu huko nyuma?"

"Umevunja kioo."

"Kioo hiki hapa, kizima." Alikigonga kwa kidole kile kioo cha upande wake wa kulia. "Glen, kama hukutaka kuja ungesema. Sikukulazimisha."

Alitaka kumwambia asimamishe gari. Lakini mtu anamwambiaje asimamishe gari mume ambaye amemnunia, kwa sababu ya kioo ambacho anasema ni kizima? Alifumba macho, akayafumbua, akaanza kuita kila ukuta kwa sauti kabla hawajaufikia: kulia kidogo, kulia tena, vizuri. Norris akatii kila mara bila kuuliza, na utii huo ulimtisha Glenys kuliko kile kioo.

*

Ukumbi wa maonyesho ulinuka kahawa na rangi. Gerald Plimmer, ambaye huwa wa pili, alikuja kutoka upande wa mlango, kushoto kwa Norris, na mkono ameunyoosha. "Mfalme mwenyewe kafika. Habari za safari?"

Norris alikuwa anafungua boksi. Hakugeuka. Mkono wa Plimmer ulikaa hewani, ukashuka, ukaingia mfukoni.

"Hata salamu siku hizi ni za washindi tu?" Plimmer akamuuliza Glenys, akijaribu kucheka.

"Usimchukulie vibaya, Gerald. Hajalala vizuri," Glenys alisema, akaona haya kwa uongo wake na kwa mume wake kwa pamoja.

Sir Aymer aliwekwa kwenye meza ya mashindano, chini ya taa, pamoja na wenzake. Waamuzi walipita, wakarudi, wakasimama. Mmoja akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Watu wakaanza kusogea, kwa sababu waamuzi wakisimama mahali kuna jambo, na wakaanza kubishana kwa adabu kama kawaida yao.

"Ni ya ndoa hiyo. Nembo mbili zimekatwa zikaunganishwa."

"Zimeunganishwa na nini? Upande wa pili hauna kitu."

"Ni fedha tupu. Kuna ukoo Brittany, kule Ufaransa..."

"Fedha gani, hiyo ni rangi ya msingi, naona hadi vumbi la kopo."

Kijana mmoja aliyechora mizinga ya vita akasema, bila ubaya lakini kwa sauti, "Jamani, Bwana Tranter katuletea matako ya simba," na nusu ya ukumbi ikacheka. Plimmer naye alicheka, kisha akaacha.

Norris alisogea mbele akiwa amenyooka, na upande mmoja wa uso wake una ndevu za wiki. "Sioni cha kuchekesha," alisema. "Dhahabu, simba mwekundu, kucha za buluu. Simba mzima. Kuna mtu hapa anataka kunifundisha simba?"

"Norris," Plimmer alisema taratibu, "hana kichwa."

"Wewe ungependa asiwe nacho. Kitazame. Nimetumia siku nzima kwenye jicho peke yake."

Hapakuwa tena na mtu wa kucheka. Watu waliangalia viatu vyao. Glenys aliona uso wa mumewe ulivyojaa hakika, uso uleule wa kila mwaka alipokuwa sahihi na wengine wamekosea, na kwa mara ya kwanza akajua pasipo shaka kwamba safari hii aliyekosea ni Norris. Hakuna kitabu. Hakuna ukoo Brittany. Akaizunguka meza kwa nyuma ya waamuzi, akatokea upande wa pili wa Norris, kulia kwake, akamchukua Sir Aymer bila ruhusa ya yeyote, na kwa vidole vya mtu aliyegeuza farasi elfu ili kuwapaka rangi matumboni, akamgeuza kichwa chini miguu juu mbele ya macho ya mumewe.

Norris aliitazama ngao. Sasa ule upande mtupu ulikuwa kulia. Midomo yake ilifunguka.

"Nani kafuta?" akauliza kwa sauti ndogo. "Kilikuwepo. Kichwa kilikuwepo, Glen, niliki..." Akainua macho, yakamkuta. Uso wake wote, wenye ndevu na usio nazo, ukajaa raha ya kumwona. "Ah, Glen. Umekuja? Umefikaje huku? Safari nzima sikukuona, nilidhani umeninunia kule kwenye kiti cha nyuma."

Glenys alimlaza Sir Aymer mezani kifudifudi. Wiki nzima ilipita kichwani mwake, viazi, korido, pazia lililotabasamiwa, na kila kimoja kikageuka na kumwonyesha upande wake wa pili.

"Gerald," akasema, "piga simu ambulensi."

"Ya nani?" Norris akauliza. "Nani anaumwa?"

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira, na aliongea kwenye korido na Glenys na Bethan, aliyekuja mbio kutoka Telford. Ni kiharusi, akasema: damu iliganda ndani ya ubongo, upande wa kulia, ule unaoshughulika na mambo ya kushoto. Macho ya Norris ni mazima. Mkono wake ni mzima. Ni upande wenyewe uliomtoka, ule wa kushoto, na kwa vile umemtoka wote hajui kwamba amepoteza kitu. Haoni giza huko. Haoni kwamba haoni.

"Kwa hiyo mtu akikaa kushoto kwake?" Bethan aliuliza.

"Kwake yeye kuna sauti tu, na sauti huipeleka kulia."

Bethan alimshika mama yake mkono. Glenys alikuwa anahesabu mahali alipokaa: mezani, garini, kitandani. Miaka yote hiyo amelala kushoto.

"Atapona?"

"Wengi hupata nafuu. Lakini lazima afundishwe kuutafuta upande huo, na familia ndiyo inayofundisha. Mtakapokwenda kumwona mtataka kukaa kulia, ili awaone. Msikae. Kaeni kushoto, mwiteni, mguseni mkono, mwacheni ageuke mwenyewe. Mkimzungukia kila mara, hatageuka kamwe."

Walimkuta ameegemea mito. Walikuwa wamemnyoa, mashavu yote mawili. Bethan, ambaye aliyasikia maagizo yote, alikwenda moja kwa moja upande wa kulia akambusu, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Glenys alivuta kiti upande wa kushoto, akakaa, akaushika mkono wa mumewe uliolala juu ya shuka.

"Nimesikia umewafanyia vituko wenzako kwenye maonyesho, baba," Bethan alisema.

"Wamenifutia simba wangu," alisema Norris. "Plimmer, nadhani. Siwezi kuthibitisha." Akaangalia mlango, akaangalia kabati, akaangalia kiti kilichokuwa nyuma ya Bethan. "Mama yako yuko wapi?"

"Yupo. Mtafute."

Alitafuta. Kichwa chake kiligeuka kutoka mlangoni kikaja mpaka kwenye vidole vyake vya miguu chini ya blanketi, kikafika katikati kabisa ya kitanda, na hapo kikaishiwa, kikarudi. Glenys aliuminya mkono ule. Ulikuwa wa moto na haukujibu.

"Usinifiche," Norris alimwambia binti yake. "Naujua ukweli. Mama yako amenichoka. Wiki nzima anaongea nami akiwa jikoni, haji kukaa mezani. Nakula peke yangu. Nalala peke yangu. Nimefikiri mpaka nimechoka, sijui nilimkosea nini."

Bethan aliinuka ghafla, akasema anakwenda kutafuta chai, akatoka akijifuta uso kwa mkono wa sweta. Kiti cha kulia kikabaki wazi. Glenys alikitazama kile kiti ng'ambo ya kitanda. Kilikuwa hatua chache tu. Angeweza kuzunguka, akakaa pale, na Norris angefurahi kama alivyofurahi ukumbini, na wote wawili wangelala usingizi usiku huo. Miguu yake ilikwisha kuanza kuinuka. Akaishindilia sakafuni.

"Norris," akasema. "Mimi nilidhani wewe ndiye uliyeninunia."

Norris alikigeukia kile kiti kitupu, akatabasamu kwa haya kama mtu aliyepatanishwa.

"Hatimaye umekaa," akakiambia.

"Sipo hapo. Geuka huku."

"Huku wapi?"

"Huku nilipo mimi."

"Glen," alisema kwa upole, bila kuondoa macho kwenye kiti, "mbona nakutazama."